Jani limeshika, ua limepotea: kisa cha vayoleti ya Hajati

Mwenye ua amenipa ruhusa niandike hiki kisa, ila jina lake nimelitoa, mtaa nimeutoa, na ya familia yake nimebakisha yale tu ambayo bila hayo hutaelewa kilichotokea. Nitamuita Hajati sababu ndo tunavyomuita wote hapa kwetu. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye chungu kimoja tu cha ua analolipenda na anataka viwe vitano, manake huyo ndo mwenye cha kupoteza. Mwenye vyungu hamsini akiharibu kimoja ana pa kurudi.

Hali ilivyokuwa

Hajati ana miaka sitini na kitu, anaishi Kampala kwenye nyumba ndogo yenye veranda inayotazama magharibi. Dada yake mkubwa alifariki mwezi wa kumi na moja, na kwenye vitu vilivyobaki kulikuwa na chungu cha vayoleti ya Afrika, ile ya majani yenye manyoya laini kama mahameli, ambayo marehemu alikuwa nayo miaka mingi kwenye dirisha la jikoni kwake. Nguo ziligawanywa, vyombo vikagawanywa, ua haligawanyiki. Wapwa wanne, wote wanamuita Hajati mama mdogo, kila mmoja analitaka, na kila mmoja ana haki. Hajati akawaambia tulieni, nitaliotesha, siku ya hitma ya mwaka kila mtu ataondoka na chungu chake.

Kwahiyo tulikuwa na tarehe. Hii tarehe ilitusukuma kufanya mambo mengine haraka kuliko ilivyotakiwa, nitarudi hapo.

Mmea wenyewe nilipouona mara ya kwanza, mwanzoni mwa Februari, ulikuwa umechoka. Vayoleti inaangusha majani ya chini moja moja kadiri inavyokua, na pale yalipokuwa panabaki shingo tupu ya kahawia. Hii ilikuwa na shingo ya urefu wa kidole gumba, mmea wote umelalia ukingo wa chungu, udongo ni ule ule wa miaka, mgumu, na juu umefanya ukoko mweupe wa chumvi. Majani yalibaki 16. Ua halikuwepo hata moja, wala kikonyo cha ua kilichokauka. Kumbuka hilo.

Jambo lingine la kujua kabla hatujaendelea ni kwamba huu mmea ni wa huku kwetu. Kwao ni milima ya Usambara kule Tanga na sehemu za karibu, hadi pwani ya Kenya, na uliondoka mwaka 1892 pale Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipomtumia baba yake Ujerumani, alafu mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen kule Hannover akaupa jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima ya hiyo familia. Huo mmea ukirudi kwenye duka la maua Kampala umekuja na mistari, na rangi mbili, na pindo, mambo ambayo kule msituni hayapo. Ila tabia ni ile ile. Kule unakaa kwenye nyufa za mawe yenye ukungu wa kijani, kivulini, mizizi yake mifupi imeshika udongo kidogo sana, maji yanapita hayatuami. Mtu akiikumbuka ile picha ya jiwe lenye unyevu hahitaji kuuliza vayoleti inataka udongo gani.

Jaribio la kwanza, kabla sijaitwa

Januari Hajati alikata majani 6. Matatu akayaweka kwenye glasi ya maji, matatu akayapanda kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, alilojaza udongo mwekundu wa chini ya mwembe, vyote akavipanga verandani. Baada ya wiki tatu akanipigia: "Mwanangu, njoo uone, majani ya dada yananioza mkononi."

Nilikuta glasi ina utelezi. Majani yalikuwa yamezama hadi nusu, siyo kikonyo tu, na jani la vayoleti lenye manyoya likilowa hivo linaoza, haliponi. Yale ya kwenye kavera yalikuwa yamekazwa kwenye udongo wa mfinyanzi usiopitisha hewa, na jua la saa kumi jioni la pale verandani linapiga moja kwa moja. Nasema hivi ili mtu asitoke hapa akidhani jani halishiki kwenye maji. Linashika vizuri tu kama kikonyo peke yake ndo kimegusa maji, maji yanabadilishwa, na chombo kiko mahali penye mwanga usiochoma. Hayo matatu ya glasi yalikufa kwa kuzama, maji hayana kosa.

Hajati alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameyapanga yale majani yaliyokufa mbele yake kwenye sahani kama anahesabu, na hakutaka niyatupe.

Jaribio la pili na sababu za kila uamuzi

Nilimuuliza Hajati ua lilikuwa la rangi gani. Akaniambia la zambarau na nyeupe. Mimi nikaona kichwani ile vayoleti ya kawaida sana hapa mjini, zambarau yenye ukingo mwembamba mweupe, nikasema sawa, naijua. Sikuuliza picha, sikuuliza weupe uko wapi. Tukaendelea.

Tulikata majani 7. Tulichukua ya mzunguko wa kati, siyo yale ya chini kabisa ambayo yameshazeeka yanashika polepole au hayashiki, siyo yale madogo ya kwenye moyo wa mmea ambayo ndo uhai wake. Wembe mpya. Kikonyo tukakiacha urefu wa sentimita 3 hivi, na mwisho wake tukaukata mshazari kama unavyochonga kalamu ya mti, sababu mizizi inatokea pale kwenye kidonda na watoto wanatokea pale pale, ukikata mshazari kidonda kinakuwa kipana.

Udongo tuliutengeneza wenyewe: sehemu moja mboji ya majani iliyochekechwa, sehemu moja mchanga wa ziwa ulioshwa mpaka maji yakatoka meupe, na nusu ya sehemu mkaa uliopondwa vipande vidogo kama mbegu za mtama. Tukauweka kwenye sufuria kuukuu yenye matundu juu ya nyingine yenye maji, tukaupika kwa mvuke kwenye sigiri nusu saa, ukapoa usiku kucha. Wengi wanaona hii ni kazi ya bure, lakini kilichoua yale majani ya kwanza kilikuwa ni uozo, na mboji ya nje inakuja na kila kitu, ukungu, mayai ya wadudu, yote. Ukiwa na majani 7 tu huna ya kubahatisha.

Vyombo vilikuwa vikombe vya mtindi, tumevitoboa chini kwa msumari wa moto. Kila jani kikombe chake, ili moja likioza lisiambukize wenzake. Kikonyo kimeingia udongoni sentimita moja na nusu tu, jani limeegemea ukingo. Tukafunika na kavera linaloona la mkate, linafunguliwa kila siku ya pili dakika chache lipumue. Tukayahamishia dirisha la chumbani linalotazama mashariki, jua linaingia laini hadi kama saa tatu asubuhi alafu linabaki mwanga mtupu. Hapa kwetu mchana ni masaa 12 karibu mwaka mzima na joto la Kampala ni la kati kati, mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo vayoleti haihitaji taa wala hita, inahitaji tu usiikaange.

Mmea mama nao tuliuhamisha dirisha hilo hilo. Hatukuubadilisha udongo wala hatukuigusa shingo, nikisema auguze kwanza vidonda vya majani tuliyomtoa. Alikuwa amebaki na majani 9.

Wiki ya pili majani mawili yakatokea na mabaka ya duara, ya manjano iliyopauka, kama mtu amepiga muhuri. Binti anayemsaidia Hajati, mtoto mwangalifu kabisa, aliona udongo umekauka juu akanywesha kwa maji ya mtungini, na yakamwagikia majani. Maji ya mtungi ni matamu kwa binadamu lakini yana ubaridi, na jani la vayoleti lililopata joto la dirishani likiguswa na maji baridi seli zake za ndani zinapasuka, lile baka halitoki tena. Hayo mawili yakaoza kuanzia kwenye baka. Tokea hapo tukaweka jerikeni ndogo ya maji ya mvua humo humo chumbani ili maji na jani viwe na joto moja, na kunywesha ni kwa chini, kikombe kinasimama kwenye sahani ya maji robo saa alafu sahani inamwagwa.

Matano yaliyobaki yalikwenda vizuri. Siku ya 24 nilivuta moja kidogo sana likakataa kutoka, hapo ndo unajua mizizi ipo. Siku ya 58 Hajati akanitumia picha saa kumi na mbili asubuhi, bila salamu, picha tu: chini ya jani, kwenye udongo mweusi, vitu viwili vya kijani vidogo kama masikio ya panya, tayari vina manyoya. Akaongeza sauti ya sekunde tatu, anacheka.

Juni mwanzoni, miezi minne, watoto walikuwa wamefikia kama theluthi ya ukubwa wa jani mama, tukawatenganisha. Majani matano yalitoa watoto 14. Tukachagua 9 wenye nguvu, kila mmoja chungu chake kidogo, sababu vayoleti hupenda kubanwa, ukiipa chungu kikubwa udongo unabaki na maji na moyo unaoza. Mbolea ya maji robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila wiki mbili. Mwisho wa Septemba tukaona kikonyo cha kwanza cha ua.

Lilipofunguka

Lilikuwa zambarau. Zambarau tupu, nzuri, iliyojaa, na kitovu cha njano kama ilivyo kawaida ya vayoleti. Mimi nilifurahi. Hajati alilitazama muda mrefu akasema, "Hili siyo la dada."

Nikamwambia labda ukingo mweupe utakuja na maua yajayo, sababu ni kweli ua la kwanza la mmea mchanga mara nyingine haliko kamili. Likafunguka la pili kwenye chungu kingine, zambarau. La tatu, zambarau. Ndani ya wiki mbili vyungu vitano vilikuwa vimechanua na vyote vilikuwa hivo hivo.

Katika hizo hizo wiki mbili mmea mama ukatoa ua, la kwanza tangu marehemu aondoke. Niliitwa kuliona. Kila petali ilikuwa nyeupe, na katikati ya kila petali mstari mpana wa zambarau unatoka kwenye kitovu hadi ncha, petali tano mistari mitano, kama tindi za gurudumu la baiskeli. Nilijua pale pale nilichokosea na nilikosea lini. Nilikosea Februari, dakika ile niliyosema naijua.

Kwanini jani halikubeba mistari

Vayoleti ya mistari ya aina ile inaitwa kaimera. Maana yake ni kwamba ule mmea mmoja kwa kweli ni mimea miwili iliyokaa pamoja. Kwenye ncha inayokua, kule ndani ya moyo, seli zimejipanga matabaka, tabaka la juu lina asili ya rangi moja na la ndani lina asili ya rangi nyingine. Ua likijengwa kutoka kwenye ncha ile, matabaka yote mawili yanashiriki, ndo unapata mstari katikati na weupe pembeni, kila mara, mahali pale pale.

Sasa jani ukilikata na kulipanda, mtoto hatokei kwenye ile ncha. Anaanza upya kutoka kwenye seli moja au chache za ngozi ya kikonyo. Hizo seli ni za tabaka moja. Mtoto wake anakuwa mmea kamili, mzima, mwenye afya, lakini wa asili moja tu, yule mwenzake wa ndani hakuja.

Hajati anasuka mikeka, nilipomueleza hivi alinielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Akaligusa pindo la mkeka aliokalia akasema, kwahiyo nilichukua ukindu mmoja wa zambarau nikautegemea unisukie mkeka wote. Ndivyo hasa. Ule ukindu ni wa mkeka ule ule, rangi ni ile ile, ila mchoro uko kwenye mpangilio wa kindu nyingi na mpangilio haumo ndani ya ukindu mmoja.

Vayoleti ya rangi moja haina shida hii, jani litakupa ua lile lile. Hata nyingi za ukingo hutoka sawa. Ni hizi za mistari ya gurudumu ndo haziaminiki kwa jani. Ili mistari ibaki lazima uchukue sehemu ambayo tayari ina kichipukizi chenye matabaka yote: chipukizi la pembeni linalotoka kwenye kwapa la jani, au kikonyo cha ua chenye vile vijani viwili vidogo, au moyo wenyewe. Hapa Uganda kila mtu anajua mgomba, hakuna anayepanda jani la mgomba, unachimba chipukizi la ubavuni na ndizi inakuja kama ya mama yake. Ni hilo hilo.

Uamuzi wa pili

Ilikuwa katikati ya Oktoba, hitma ni mwezi ujao. Jambo la kwanza nililomwambia Hajati ni kwamba kwa tarehe ile haiwezekani, hakuna njia yoyote, na nilitaka alijue siku ile ile asibaki na matumaini ya uongo. Alinyamaza kidogo akasema basi dada atasubiri, amezoea kutusubiri.

Tulikuwa na njia mbili na mmea mama mmoja. Njia ya vikonyo vya maua haimdhuru mama, ila inashindwa mara nyingi. Njia ya machipukizi inafaulu zaidi, ila ili yatoke haraka lazima umkate moyo, na ukikosea umemuua wa pekee. Nikashauri tuanze na vikonyo. Maua yalipokwisha kusinyaa tukakata vikonyo 5, tukaondoa maua, tukabakisha vile vijani viwili vidogo kama kope na kipande cha chini yake, tukavipanda ili makwapa ya hivyo vijani yawe yanagusa uso wa udongo, kavera juu, dirisha lile lile.

Alafu ile shingo ndefu, ambayo mwaka mzima niliiona ni ugonjwa, ikawa ndo ukombozi. Mmea wenye shingo unaweza kuukata vipande viwili na vyote vikaishi. Wiki ya kwanza ya Novemba tulikata shingo kwa wembe, sehemu ya juu ikatoka na majani yake ya kati na kipande cha shingo cha sentimita 2, tukakikwangua ngozi ya kahawia taratibu kwa mgongo wa kisu mpaka kijani ikaonekana, tukaupanda moyo wote kwenye udongo mpya na kuufunika. Huu ni mmea ule ule na ncha ile ile inayokua, kwahiyo mistari haina wasiwasi. Kwenye chungu cha zamani kikabaki kisiki na majani manne ya chini, na kisiki kilichopoteza moyo kinaamsha machipukizi kwenye makwapa.

Mkono wangu ulitetemeka kukata, nilimpa wembe Hajati akakata yeye. Akasema bismillahi na akakata mara moja.

Matokeo

Vikonyo 5: vitatu vilioza ndani ya mwezi, kimoja kilikaa kijani miezi minne bila kutoa chochote alafu kikakauka, kimoja kilitoa chipukizi wiki ya 10. Moyo ulishika mizizi wiki ya nne, mvua za Novemba zilisaidia unyevu. Kisiki kilitoa machipukizi 3, tukayatenganisha Machi yalipokuwa na majani yanayofika sita, moja likafa kwa vidugata, wadudu wadogo weupe, ambavyo sikuviona mapema vimejificha kwapani, mawili yakaishi.

Siku ya hitma wapwa wanne waliondoka na vyungu vya zambarau tupu. Hajati aliwaeleza yote, kwamba hizi ni za dada lakini si sura yake, na zenye sura yake zinakuja. Mmoja wao, yule mdogo, akatoa simu akaonyesha picha ya marehemu jikoni na nyuma yake dirishani chungu kimejaa magurudumu. Ilikuwepo kwenye simu yake muda wote.

Agosti ya mwaka uliofuata chipukizi la kwanza la kisiki lilichanua, mistari mitano. La pili Septemba, mistari. Lile la kikonyo cha ua likachelewa hadi Oktoba nalo likatoka na mistari. Ukijumlisha moyo uliopandwa upya, ikawa vyungu vinne vya mistari. Kwa wapwa wanne vilitosha, Hajati mwenyewe hakubaki nacho.

Kilichofaa na kilichoharibu

Upande wa ufundi wa jani sina la kulalamika. Majani matano kati ya saba kwa vifaa vya jikoni ni kazi nzuri, na mawili yaliyokufa tunajua yalikufa kwa nini. Udongo uliopikwa, kikombe kimoja jani moja, dirisha la mashariki, kunywesha kwa chini, hayo ningeyarudia yote bila kubadilisha. Kama ua lingekuwa la rangi moja kisa hiki kingeishia Oktoba na kila mtu amefurahi.

Lililoharibu ni kwamba tulichagua njia kabla ya kuliona ua. Na ukifuatilia nyuma utaona halikuwa kosa moja limekaa peke yake. Mmea mama haukuwa na ua sababu ulikuwa umechoka. Badala ya kuupumzisha na kungoja uchanue, tuliutoa majani 7 juu ya yale 6 ya mwanzo, yaani 13 kati ya 22 ndani ya wiki chache, na mmea usio na majani hauna cha kutengenezea maua, ndo maana ukakaa hadi Oktoba. Tungeubadilishia udongo Februari, tukauacha dirisha la mashariki na majani yake 16, naamini ungechanua miezi kadhaa kabla, tungeiona mistari, na hitma ile ile ingekuwa na angalau chungu kimoja au viwili vya kweli. Haraka ya tarehe ndo iliyotunyima tarehe.

Kuhusu kutouliza picha, hilo ni langu lote. "Zambarau na nyeupe" ni maneno yanayofaa vayoleti za aina kumi tofauti. Sasa hivi mtu akiniita kumsaidia kuotesha ua lolote namwambia kwanza nionyeshe likiwa limechanua, kama huna picha waulize ndugu, waulize watoto, simu za watu zimejaa picha za sherehe na nyuma kuna dirisha. Nikiona petali zenye mistari inayotoka kitovuni sigusi jani kabisa.

Kitu kilichookoa kila kitu ni kwamba mama aliachwa hai. Hajati alinishauri Februari tukate majani yote tupate vyungu vingi, mimi nikakataa, na nilikataa kwa sababu ya kawaida tu, nilimuonea huruma ule mmea na yale majani 9. Sikujua ninalinda nini. Kama ningekubali tungekuwa leo na vyungu ishirini vya zambarau na mistari ya marehemu ingekuwa imebaki kwenye picha ya simu tu.

Kuanza na vikonyo kabla ya kukata shingo, watu wawili wazoefu wameniambia nilipoteza wiki tatu. Siafikiani nao. Kwa mmea wa pekee unaanza na kile kisichomuua, hata kama kina nafasi ndogo, na kile kikonyo kimoja kilichoshika ndo kilichokamilisha hesabu ya vyungu vinne baada ya vidugata kutuchukulia chipukizi.

Wiki iliyopita nilipita kwa Hajati. Dirisha la chumbani lina kikombe kimoja cha mtindi, ndani yake chipukizi dogo lenye majani manne, mpwa mkubwa kamletea kutoka kwenye chungu chake, kalichukua ubavuni. Kavera liko juu, lina matone.